Yule Mmoja wa Ziada Uwanja wa Colfax

Benchi lenyewe liko nje ya duka la donati la Pappas, linatazama ukuta wa nyuma wa Uwanja wa Colfax, pale ambapo Wafua Chuma wa Brannock wanacheza besiboli mwaka wa mia huu, na wamefungwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Ukipita saa tatu ya asubuhi utawakuta wanne, kila mtu na kikombe chake cha karatasi na mahali pake, na usithubutu kukaa pa mtu. Kushoto kabisa ni Wendell Oakes, aitwaye Desimali, aliyetundika namba kwenye ubao wa matokeo mpaka magoti yakakataa ngazi. Huyu hata ukimsalimia atakujibu kwa takwimu. Anafuata Leotis Pruitt, Dikoni, aliyepiga kinanda uwanjani siku za mechi na kanisani siku za Jumapili, na inasemekana mara mbili tatu alichanganya nyimbo. Kisha Carmela Bonfiglio, Haradali, aliyeuza mikate ya soseji majukwaani kwa sauti ambayo mpaka leo haijastaafu. Na mwisho kulia, ubavuni mwa pipa la taka, ni Emil Hruska, aliyesimama geti kuu kwa miaka thelathini na moja. Hakuna anayemwita Emil, wanamwita Geti.

Jumatatu hiyo ya Aprili Geti hakuweza kukaa kwa raha. Desimali alikuja na bahasha kubwa ya kaki, stempu tayari imebandikwa. Klabu ilikuwa inaandaa kitabu cha miaka mia, na ilitangaza kwamba mwenye masahihisho ya mahudhurio ayatume kabla mwezi haujaisha. Mtu mwingine angelipita tangazo kama hilo bila kugeuka. Desimali alilikata gazetini akalibandika kwenye friji.

– Nimemaliza, akasema, akiipiga bahasha kofi. – Miezi minne na yale maboksi waliyonipa walipokuwa wanasafisha stoo. Nimewakamata.

– Umemkamata nani? Haradali akauliza. – Wewe hata mafua huyakamati vizuri.

– Tulia, mama. Kila mechi ina namba mbili. Ya kwanza inatoka kwenye chuma cha getini, kile cha mikono mitatu. Mtu akipita, chuma kinazunguka, kidude cha ndani kinaongeza moja. Namba hiyo ndiyo klabu iliyokuwa inaitangaza. Namba ya pili ni vipande vya tiketi, alivyohesabu karani baada ya mechi. Sasa nisikilizeni. Tangu 1966 mpaka 1997, chuma kinaizidi tiketi kwa mtu mmoja.

– Mechi gani?

– Zote.

– Mmoja tu? Haradali akacheka. – Wameingia watu elfu mbili, kazidi mmoja, ndiyo unatunyima usingizi? Mimi nilikuwa nikipoteza soseji sita kwa siku na hakuna aliyeandika barua.

– Ulizila.

– Nilizionja! Utauzaje kitu usichokijua?

– Angekuwa mmoja leo, watatu kesho, ningenyamaza, Desimali akasema. – Lakini mmoja, mmoja, mmoja, miaka thelathini na moja? Huyo ni mtu. Anaingia kila mechi, hana tiketi, na hakuna aliyemwona.

Geti alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa zamani. Yeye alimjua mtu huyo, kwa sababu mtu huyo alikuwa yeye. Kila mechi, watu wakishaingia na geti likishafungwa, alikuwa akikisukuma kile chuma kwa goti mara moja, tak, kisha anaandika namba iliyotokea. Hakumwambia mke wala padri. Hakuwahi kudhani kwamba duniani kuna kiumbe atakayekaa miezi minne akilinganisha karatasi mbili za mahesabu ya watu waliokwenda kutazama mpira. Na sasa barua ile ilitaka moja iondolewe kwenye mechi zote elfu mbili mia moja na nne. Ikiingia kitabuni, Emil Hruska atakuwa hajahudhuria hata moja.

– Mimi nimeshajua, Dikoni akasema kwa sauti ya mimbarini. – Ni malaika.

– Tumeanza, Haradali akasema.

– Kila penye watu wengi pana malaika mmoja wa zamu. Mbona nilikuwa nikipiga kinanda nasikia mtu kasimama nyuma yangu?

– Alikuwa meneja, anakusubiri umalize ule wimbo wa mazishi.

– Dikoni, malaika hana uzito, Desimali akasema. – Kile chuma kilikuwa kinahitaji msukumo.

– Yakobo alipigana mweleka na malaika mpaka nyonga ikateguka! Nyonga, bwana! Halafu kichuma cha Brannock ndicho kimshinde?

Desimali akaanza kuifikiria ile nyonga. Haradali akaona nafasi, akasogea mbele mpaka benchi likalia.

– Acheni kumsingizia malaika. Mnamkumbuka Bibi Whitlock, mke wa mwenye klabu? Kila mechi yuko kwenye kile chumba cha juu, kofia ya manyoya, miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Yule alikuwa na hawara.

– Carmela!

– Usinikaripie, Dikoni, mimi si mshirika wa kanisa lako. Hawara anaingia getini kama mtazamaji, anapanda ngazi za nyuma, mechi ikiisha anatoka. Nilikuwa nikipeleka mikate miwili kule juu. Miwili! Na yule mama alikuwa amekonda kama fimbo ya bendera.

– Na mumewe?

– Mumewe hakuwa anakula haradali, na mikate ile yote miwili ilirudi karatasi tupu, zimepakwa haradali. Nijibuni hilo.

Geti mwenyewe alijikuta anatikisa kichwa kana kwamba ushahidi umemgusa. Alikuwa ameanza kuona raha, tusifiche. Mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa "sogea, tupite" sasa alikuwa malaika na hawara kabla ya saa nne.

– Hawara wa miaka thelathini na moja? Desimali akasema. – Hiyo ni ndoa. Na sikilizeni, kuna jambo nimewaficha. Ile ziada ina siku za likizo. Agosti 1981, mechi tisa mfululizo, chuma na tiketi vinalingana sawasawa. Sifuri. Mechi ya kumi, mmoja karudi.

Kahawa ikampalia Geti. Akakohoa mpaka Dikoni akampiga mgongoni. Agosti 1981 alilazwa hospitali kwa ngiri, akapasuliwa, na geti akalishika mpwa wa Bwana Whitlock.

– Agosti themanini na moja! Haradali akapiga kelele, na njiwa wa kwa Pappas wote wakaruka. – Bibi Whitlock alikwenda Florida kwa dada yake! Nakumbuka, maana sikupanda zile ngazi majuma mawili, miguu ikanenepa! Nilisema mimi! Nilisema!

– Au marehemu mzee Whitlock, Dikoni akasema polepole. Malaika alikuwa keshamtupa. – Baba mtu. Alijenga uwanja huu kwa mikono yake. Alikufa lini?

Desimali akafikiri. – Novemba 1965.

– Na ziada ilianza?

– Aprili 1966.

Haradali alijifunga sweta.

– Sasa mzimu, akasema, – Agosti ulikwenda wapi? Nao ulikwenda Florida?

– Kama mkwewe amekwenda, kwa nini usimfuate? Dikoni akajibu. – Mzee yule hakumwamini tangu siku ya harusi.

Wakacheka mpaka Pappas akatoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Desimali peke yake hakucheka. Akatoa barua, akavaa miwani, na alipoanza kusoma ile raha ya Geti ikamwisha.

– "Kwa hiyo ni maoni yangu kwamba chuma cha geti kuu kilikuwa kibovu, au aliyekuwa akisimamia geti hakujua kuhesabu, na naomba mechi zote 2,104 zipunguzwe mtu mmoja mmoja." Hapo ndipo nimefunga. Geti, usinielewe vibaya, sijakusema wewe.

– Umemsema nani basi? Haradali akasema. – Getini alikuwepo paka?

– Nimeandika "au"!

– Geti, umesikia? Umeandikiwa "au".

Geti alitazama ukuta wa uwanja. Neno lile lilimuuma, na lilimuuma pale pale palipokuwa pazima. Hakuwa mtu wa elimu, hakuwahi kupiga mpira ukavuka hata uzio wa nyumbani kwao, lakini kuhesabu alijua. Alihesabu mapacha waliopita wamekumbatiana. Alihesabu mtoto aliyefichwa ndani ya koti la babake, na akamrudisha baba nje akanunue tiketi. Akinyamaza sasa, kitabu kitamwandika mtu asiyejua kuhesabu. Akisema, kitamwandika mwongo. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona.

Wakati huo gari la posta likasimama kando ya njia, akashuka mpeleka barua mpya, Marisol Teague, wiki yake ya tatu mjini. Alikuwa mama wa makamo, kofia kichwani, hodari wa kutembea, na ametoka majimbo ya joto, kwa hiyo mwezi wa Aprili alikuwa bado anavaa glavu.

– Habari za asubuhi, wazee wangu. Hiyo ni ya kwangu?

– Ngoja, Dikoni akasema. – Wewe ni mgeni, huna upande. Tuamulie.

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja, malaika na mikate miwili na Florida. Marisol alisikiliza akiwa amesimama, mfuko begani. Haradali akamsukumia donati, akaimega.

– Ngojeni nielewe, akasema mdomo umejaa. – Aliyehesabiwa ni yule aliyepita kwenye hicho chuma.

– Ndiyo, Desimali akasema.

– Na ninyi wanne mlikuwa mnafanya kazi humo ndani. Kila mechi.

– Kila mechi. Mimi mechi elfu moja mia nne na kumi na mbili.

– Sasa ninyi mlihesabiwa wapi?

Dikoni akamtazama Haradali, Haradali akatazama kikombe. Wafanyakazi waliingia mlango wa nyuma, wa jikoni, ambao ulikuwa mlango tu, hauna chuma. Miaka yote ile walikuwa ndani, wanapigiwa kelele, wananyeshewa, wanaimba wimbo wa taifa kabla ya kila mechi, na kwa hesabu za klabu hawakuwepo.

– Sikuwahi kuliwaza hilo, Desimali akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue sauti yake haikuwa na uhakika.

Geti akasikia mdomo wake unasema kabla hajauruhusu.

– Mimi nilihesabiwa.

Wakageuka.

– Yule mmoja ni mimi. Watu wakishaingia nilikuwa nakisukuma chuma kwa goti. Si malaika wala hawara. Ni goti. Agosti nilikuwa nimelazwa kwa ngiri. Haya, andika.

Akaendelea, maana kunyamaza kulikuwa kumeshamshinda.

– Msimu wa kwanza nilikuwa bado nakaa kwa mama. Nikirudi ananiuliza, leo walikuja wangapi? Namwambia, elfu moja mia nane na tatu. Ananiuliza, pamoja na wewe? Namwambia hapana, mama, mimi sihesabiwi. Akaweka mwiko chini. Akasema basi wamehesabu vibaya, kwa sababu ulikuwepo, nimekufulia shati mwenyewe. Kesho yake nikasukuma. Jioni alipouliza, nikamwambia pamoja na mimi. Alikufa nikiwa na miaka kumi na moja getini, na nilishindwa kuacha.

Dikoni alivua kofia. Marisol aliacha kutafuna. Ingeweza kuwa dakika nzuri sana, ila Haradali alikuwa tayari ameinuka, mikono kiunoni.

– Ulijihesabu peke yako?

– Carmela...

– Usiniite Carmela! Miaka kumi na tisa nilikuwa nakuletea mkate wa soseji pale getini, bure, na vitunguu juu! Nilikuwa napita hatua mbili kutoka kwenye hicho chuma! Ukashindwa kunisukumia na mimi? Goti lingekatika?

– Anasema kweli, Dikoni akasema, kofia ikarudi kichwani. – Mimi nilikuombea ile ngiri. Kwa jina.

– Umechemsha, Geti, Desimali akasema. – Ukidanganya kwa mmoja, ungedanganya kwa wanne. Angalau ingekuwa na mantiki.

– Niliwahesabu, Geti akasema.

– Lini? Kwenye ndoto?

– Siku ya mvua ya mawe.

Hiyo hakuna mtu wa Brannock asiyeijua. Mei 1974, mawe ya barafu makubwa kuliko mayai, na ndiyo mechi iliyohudhuriwa na watu wachache kuliko zote katika historia ya Wafua Chuma: sitini na mmoja. Namba hiyo imechorwa ukutani kwa kinyozi. Klabu inauza fulana zake, na wanaoapa kwamba walikuwa miongoni mwa wale sitini na mmoja wanakaribia elfu nne.

– Hapakuwa na mtu wa kuingia, Geti akasema. – Nikaacha geti nikaenda kusimama juu ya ngazi. Siku za watu wengi simwoni mtu ila kofia. Siku ile majukwaa yalikuwa matupu, mkaonekana. Dikoni anapiga kinanda na glavu mkononi, hakuna anayemsikiliza. Wewe Desimali uko juu ya ngazi umejifunika sinia kichwani, unatundika sifuri. Carmela anawagawia mikate wachezaji wa timu ngeni kwa sababu wanatetemeka. Nikarudi nikasukuma mara nne.

– Haiwezekani, Desimali akasema. – Ningeiona. Ziada ya wanne ningeiona mara...

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati ingawa ilikuwa safi.

– Niliiona, akasema. – Tiketi hamsini na saba, chuma sitini na moja. Ilikuwa inaniharibia hesabu. Nikasema karani kakosea kwa ajili ya baridi, nikaitupa.

– Ulitutupa, Haradali akasema.

– Sikujua kuwa ni sisi.

Haradali alikaa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za ukoo. Hasira zilikuwa zimemtoka zote na hakujua aweke nini mahali pake.

– Ninayo ile fulana, akasema. – Alininunulia binti yangu. Miaka yote naivaa kulalia, sitini na moja kifuani, na sikujua kwamba nimo.

Marisol aliangalia saa, kwa adabu lakini aliangalia.

– Wazee wangu, barua naichukua au siichukui? Nina mtaa mzima unanisubiri.

Desimali aliitazama bahasha, akaitazama kona ya kulia ya benchi. Kisha akaikunja mara mbili, na mtu huyu alikuwa hajawahi kukunja karatasi yenye namba maishani mwake.

– Hapana, mama. Ina makosa.

– Kwa hiyo unaiacha sitini na moja? Dikoni akauliza.

– Inabaki. Ni hamsini na saba na sisi wanne. Atakayebisha aje hapa.

Geti alitaka kusema asante. Akatikisa kichwa tu. Alijisikia mwepesi, kama amevuliwa koti lililolowa, na huenda mambo yangeishia hapo, wakaagiza donati, lau Haradali asingekunja uso ghafla.

– Na Odell je?

– Odell gani?

– Odell Finch wa turubai! Siku ya mvua ya mawe ni nani aliyelivuta lile turubai lifunike uwanja? Peke yake, maana wenzake walikimbia! Ulimsukumia?

Geti aliona ile siku yote, kinanda, ngazi, sinia, na katikati ya uwanja mtu mrefu anavuta turubai huku mawe yanamdunda mgongoni. Alikuwa amemtazama moja kwa moja.

– Nilimsahau, akasema. – Mungu anisamehe, nilimsahau Odell.

Odell alikuwa amelala makaburi ya Mtakatifu Yosefu mwaka wa sita sasa. Dikoni ndiye aliyempigia kinanda.

Desimali aligeuza bahasha upande mtupu, akatoa penseli nyuma ya sikio.

– Sitini na mbili, akasema. – Odell Finch. Nani mwingine?

– Bibi Zelenka wa vyooni, Dikoni akasema. – Hakuwahi kukosa siku.

– Sitini na tatu.

– Wale ndugu wawili wa taa, Haradali akasema. – Mmoja alikuwa na kigugumizi. Jamani, alikuwa anaitwa nani yule?

– Lowell, Geti akasema. – Lowell na Vernon Stitt.

– Sitini na tano.

Marisol alitua mfuko wake chini, akaegemea pipa la taka, akauliza kama kulikuwa na mtu wa kuwapelekea maji wachezaji. Kulikuwa naye, wote wanne wakamtaja kwa pamoja. Ndani, Pappas aligonga kioo kuwaonyesha birika tupu: kahawa imekwisha, anapika nyingine. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wamefika sabini na moja, na Geti, bila kujijua, kila likitajwa jina alikuwa akisukuma hewa kwa goti.